Ulezi wa Kumpokea Telesphor

Mpanda, 2 Juni 1976

Mwanangu Telesphor,

Salamu nyingi kutoka Kashaulili. Hujambo huko kwenye baridi? Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike baba yako.

Kumbe chuo kimekuruhusu kuja! Nilicheka peke yangu jikoni. Lakini msiba tunaumaliza mwezi wa saba, nawe ndiye wa kupokea upinde wa baba yako, alama ya mrithi wake. Baba yako mdogo Damiano anasema, "Shemeji, Kigoma tu ni siku mbili kwa treni. Moscow si mwezi mzima? Nitaupokea mimi." Niambie, ni mbali kiasi gani?

Mama yako,
Marsela

Moscow, 24 Juni 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula vizuri. Mwambie baba mdogo ni kama kilomita elfu saba, lakini ndege inazimaliza kwa saa kumi na nne, hata ikitua Kairo kujaza mafuta! Naondoka Jumanne tarehe 20 Julai asubuhi, usiku nalala Dar es Salaam. Kutoka hapo treni ndiyo itanichelewesha: Ijumaa nitakuwa kwetu. Nina siku kumi tu.

Unakumbuka baba alivyonibeba mabegani kutazama kile kindege uwanjani? Alisema, "Ukipanda siku moja, uje uniambie kama masikio yanauma." Nitamwambia.

Mwanao,
Telesphor

Mpanda, 11 Julai 1976

Mwanangu,

Hii naituma kwa dada yako Romana, Dar es Salaam, akupe ukishuka. Wote tuna afya.

Nilipomsomea Damiano barua yako aliruka. "Saa kumi na nne? Pombe yenyewe inataka wiki mbili!" Hapo nikashtuka. Ulezi wa pombe ya msiba tunauloweka mrithi akishaanza safari. Nikingoja uanze, utakuja na kuondoka kabla pombe haijaiva. Basi nimeuloweka leo, nawe bado uko kwenye theluji! Damiano anatangaza sokoni, "Shemeji anampikia mtu aliye Ulaya! Asipofika Jumamosi ya kumaliza msiba, upinde ni wangu."

Pombe ikiiva haisubiri mtu. Njoo haraka.

Mama yako,
Marsela

Mpanda, 15 Agosti 1976

Mwanangu Telesphor,

Natumaini ulifika salama. Wewe umeshalala kitandani kwako, barua hii labda bado iko Kaliua ikingoja treni. Mimi nalala vizuri sasa.

Bado tunaongea juu ya ile Jumamosi. Ijumaa imepita bila wewe, tembo wamesimama kwenye reli mbele ya treni yako, pombe inatoa povu, watu wana kiu! Nilidhani Damiano atauchukua upinde. Kumbe kakalia kifuniko cha mtungi: "Nyie, hakuna kuonja! Aliyevuka kilomita elfu saba atashindwa na tembo?" Honi ilipolia alikimbilia stesheni na kiatu kimoja. Siku hizi anawasimulia watu habari za Kairo kama alitua yeye.

Mimi nimebaki na jambo dogo. Ulipoinama kaburini, upinde mkononi, nilikusikia: "Baba, yanauma kidogo. Ukimeza mate yanaacha."

Ukipanda ndege tena, ukimeza mate, nikumbuke na mimi.

Mama yako,
Marsela