Mara Hamsini na Tatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na mwanenu, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima raha limeshang'olewa. Huku tu wazima kiasi. Mvua imekata, paa la Baba halivuji tena, na mke wangu anakusalimu sana. Baada ya salamu, naomba unisikilize mpaka mwisho. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu hunipi nafasi hata ya kumeza mate.

Ujumbe wako wa sauti niliufungua nikiwa kazini, mbele ya wateja, nikidhani ni wa kunijulia hali. Kumbe! Ulisema mimi ni fundi kompyuta wa jina tu, kwamba wiki tatu nzima nimeshindwa kumwekea Baba lugha moja ya programu kwenye kompyuta uliyomtumia kwa jasho lako, na kwamba watoto wa shule wanaiweka wenyewe huku wakitafuna njugu. Mteja mmoja alijifanya anakohoa ili asicheke. Dada, iliniuma. Miaka kumi na minne nafufua mashine ambazo wenyewe wamezikatia tamaa, halafu dada yangu wa tumbo moja aniite fundi wa jina!

Wewe uko mbali na habari zinakufikia nusu nusu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Baba aliposikia kituo cha mafunzo kilicho nyuma ya posta kinafungua darasa la wastaafu la kuandika programu, alivaa ile suti aliyostaafu nayo akaenda kujiandikisha siku hiyohiyo. Anataka kumtengenezea mwanao programu ya hesabu za sehemu, maswali kumi kila wiki, yasiyojirudia, kwa sababu ulimwambia mtoto akiona sehemu analia. Daftari zima ameshalijaza akipanga maswali yatakavyofuatana. Lakini nafasi zilikuwa kumi tu, na sharti moja: kila mtu aje na kompyuta yake, lugha ikiwa imeshawekwa, na amwonyeshe mkufunzi programu fupi inayofanya kazi kabla Ijumaa ya mwisho wa mwezi haijapita. Asiyeweza, nafasi yake anapewa mwingine.

Huyo mkufunzi, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliwagawia karatasi yenye hatua saba. Fungua ukurasa rasmi wa lugha. Pakua. Bonyeza mara mbili. Tia alama ya vema kwenye kisanduku cha chini. Subiri. Fungua dirisha la amri. Andika mstari huu. Basi! Mimi nilipoisoma nilisikia joto masikioni. Hivi ndivyo anavyofundishwa mtu mzima, mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na tano? Toleo moja la lugha kwa mashine nzima, bila njia ya kubadilisha matoleo, bila kuitengea kila kazi chumba chake ndani ya mashine? Siku akihitaji toleo jingine itakuwaje? Nilimwambia Baba karatasi hiyo inafaa kufungia sabuni, na kwamba mimi nitamwekea kitaalamu, namna tunavyoweka sisi wenyewe. Baba alifurahi. Aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye kamusi yake, akasema ana bahati ya kuwa na mtaalamu nyumbani.

Na ningemaliza kazi siku ile kama si Fundi Simu, yule jirani yake anayetengeneza simu kwenye kibanda cha pembeni. Nani alimwita? Alipita kuazima ngazi, akaona kompyuta mezani, akamwambia Baba kwamba mgeni wa mambo haya anafaa kuwekewa furushi kubwa lenye kila kitu ndani, la sivyo atahangaika. Nilipofika jioni nikakuta ameshaliweka furushi lake na ngazi ameshaondoka nayo. Nikaanza kuling'oa. Walioiunda lugha yenyewe nao wana lawama yao! Lugha moja, namna sita za kuiweka. Uliza watu watano kwenye intaneti namna ya kumwekea anayeanza, utapata majibu sita na matusi mawili. Basi nikang'oa, nikaweka namna yangu, nikajaribu mimi mwenyewe ikakubali, nikaenda zangu.

Sasa Baba akaanza kujaribu peke yake. Unamjua, alikuwa akiitoa ile karatasi ya mkufunzi, anaweka rula chini ya mstari wa mwisho, anaandika herufi moja moja. Kompyuta ikamjibu kwamba amri hiyo haijulikani. Akanipigia. Nikamwambia atazame herufi vizuri. Akapiga tena. Nikamuuliza kama hajaruka nafasi. Mara ya tatu nilikuwa na mteja, nikamwambia Baba, mashine haikosei, anayekosea ni mwandishi. Wala sikupita kwake kuangalia, ilhali ni mitaa miwili tu.

Ijumaa ile alikwenda kituoni mwenyewe, kompyuta ikiwa kwenye kikapu, ameifunika taulo. Mkufunzi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Baba aliandika ule mstari mbele ya wenzake tisa ambao zao zilishakubali, ikamgomea. Mkufunzi alitaka kuitazama, Baba akamkatalia kwa heshima. Alisema mashine imeandaliwa na mwanawe ambaye ni mtaalamu, kwa hiyo kasoro haiko kwenye mashine, iko kwake. Akashukuru, akafunika kikapu, akaondoka. Nafasi yake amepewa mkunga mmoja mstaafu.

Yaliyofuata unayajua kwa juu juu. Alijiuzulu ukatibu wa kamati ya maji ya mtaa, akarudisha daftari la mikutano akisema hajiamini tena kuandika. Daftari la maswali ya mwanao alimpa mke wangu amtunzie. Mimi alinipa ufunguo wa kabati la vitabu, akaniambia babu naye alianza hivihivi, kwenye vitu vidogo, mpaka akamaliza siku zake hajui hata majina yetu. Akaenda zahanati kuomba apimwe kichwa. Daktari alimuuliza maswali akayajibu yote, akamwambia yuko sawa kabisa. Hakuamini. Alisema daktari anamwonea huruma.

Dada, hapa ndipo ninapotaka uketi. Siku aliyokuwa zahanati niliifungua ile kompyuta. Sitakudanganya, nilikuwa natafuta ushahidi wa kukutumia wewe, uone kwamba kosa si langu. Mashine hutunza kila mstari ambao mtu ameuandika kwenye dirisha la amri. Nikaipandisha mistari hiyo mpaka juu. Ule mstari wa karatasi ulikuwepo mara hamsini na tatu. Nilizihesabu. Hakuna hata mara moja aliyokosea, hata nukta, hata nafasi. Nilipong'oa furushi la Fundi Simu niling'oa nusu, na lile jina la amri lililo kwenye karatasi likabaki linaelekea mahali patupu. Lugha niliyoiweka mimi inaamshwa kwa amri nyingine kabisa, na mimi sikumwandikia Baba amri hiyo popote. Kosa lenyewe ni dogo tu, la kurekebisha kwa dakika mbili.

Baba akarudi, bado ameshika kofia mkononi, akaniuliza kama nimeona tatizo liko wapi. Na mimi, mdogo wako, mnayeniita Injinia, nikafunga kompyuta nikamwambia apumzike kwanza, mambo haya yanachosha kichwa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala mchana, yeye ambaye hajawahi kulala mchana. Nimeona aibu kumwambia, na nimemwonea aibu yule mkufunzi ambaye karatasi yake niliitukana. Nimemwacha baba yetu aamini kwamba akili zake zinaondoka, ili mimi nisionekane mjinga. Nimemkasirikia kila mtu kwenye barua hii, kumbe wa kukasirikiwa ni mimi.

Hayo ya juu niliyaandika jana. Leo asubuhi nimeichukua barua nikaenda kumsomea Baba yote, tangu salamu. Aliniomba ufunguo wa kabati, akatoa kamusi, akatoa ile karatasi. Aliniketisha kando yake, akaniamuru niweke mikono juu ya mapaja. Nikamwelekeza kwa mdomo tu namna ya kusafisha takataka zangu na za Fundi Simu, halafu akafuata hatua saba mwenyewe, akizisoma kwa sauti ya darasani. Kutoka hatua ya kwanza mpaka mstari wa mwisho zimepita dakika tisa. Imekubali.

Darasa jingine ni baada ya miezi minne. Mpaka hapo natakiwa kufika kwake kila siku saa kumi jioni, nikae palepale, mikono mapajani, nimtazame akijifunza. Jumamosi nitakwenda kwenye kamati ya maji kumwombea daftari lake, na nitaeleza mbele ya wote kwa nini lilirudishwa. Mwambie mwanao ajiandae. Kama amenisamehe sijui, hajasema, nami sijathubutu kumuuliza.

Usishangae kuona wino mwekundu. Baba ameomba aisome barua mwenyewe kabla sijaifunga. Pale ulipodai wiki tatu amekata akaandika siku ishirini na sita, tangu Jumatatu kompyuta ilipofika mpaka Ijumaa ya kikapu, na anasema kosa hilo ni lako. Halafu amerudi pale nilipoandika kwamba kosa lenyewe ni dogo tu, akayakata maneno mawili ya mwisho kwa rula, mara mbili.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa jina tu.