Wanawake Wanne wa Ukutani

Bujumbura, kartiye ya Jabe

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao Feza. Mimi ni mzima wa mwili, na mjukuu wako Riziki ni mzima pia. Ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kwa kupuliza. Na wewe, magoti yanasemaje? Bado unashuka mtoni mwenyewe, au umekubali wakuchotee? Barua yako ilinifikia imelowa upande mmoja, nikasoma nusu, nusu nyingine nikakisia. Lakini pale ulipouliza, "Kazi yako ya rangi inaendeleaje?" maji hayakufika. Nimekaa wiki nyingi bila kujibu kwa sababu ya swali hilo. Leo nakueleza yote, maana ukisikia kwa watu utasikia vibaya zaidi.

Nilikutajia zamani Mzee Nasoro, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko, ambaye wazee wake walitoka Omani. Sikukueleza tulivyoanza. Niliingia kwake kumnunulia Riziki kitambaa, nikaona kibao chake kimebabuka, jina halisomeki. Nikamwambia, "Mzee, mi naweza kuandika jina yako isomeke toka ng'ambo ya barabara."

Akacheka. "Wewe, mwanamke?"

"Baba yangu alikuwa mupaka rangi wa misheni ya Kasongo. Alinifundisha herufi mbele ya mi kuenda masomo."

Akanipa ubao na makopo mawili. Nilipomaliza alitoka nje, akarudi kinyumenyume mpaka katikati ya barabara, mikono mgongoni, baiskeli zikimpigia kengele. "Mashallah," akasema. "Hata mimi natamani kuingia duka hili."

Kutoka hapo nilipata kazi kwa kinyozi, kwa fundi viatu, kwa mtengeneza baiskeli, hadi huko Gihosha nilipanda na ngazi yangu. Watu walisimama kutazama mwanamke aliye juu. Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu chini ya kitenge, wengine wakapiga miluzi, sikujali. Mama, tangu tulipokimbia vita, kila aliyeniuliza mimi ni nani nilimjibu, "Mukimbizi." Miaka ile nikaanza kujibu, "Muchoraji." Sijui kama unaelewa neno hilo lilivyokuwa linanishibisha.

Sasa sikia. Mjini walijenga ukumbi mpya wa mikutano. Wakatangaza kwamba atakayeleta mchoro mzuri atapewa ukuta mkubwa wa ndani auchore kabla ya sikukuu ya uhuru. Mzee Nasoro alinipa karatasi pana, ile wanayofungia vitambaa. Nikachora wanawake wanne wanatembea alfajiri: mmoja ana jembe, mmoja ana beseni la samaki, mmoja ana vitabu kama mwalimu. Wa mbele kabisa, mwenye kapu la mihogo, ni wewe. Nilikuchora na kovu lako la nyusi, na shingo unavyoinyoosha mzigo unapokuwa mzito. Chini nikaandika Feza tu, nikampa mlinzi wa mlango.

Mchoro wangu ukachaguliwa. Niliitwa, nikaingia biro, ofisi ya Bwana Anatole, msimamizi wa ukumbi. Karatasi ilikuwa juu ya meza yake. Akanitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anaingia.

"Feza iko wapi?"

"Ni mi."

"Apana. Nauliza mwenye kuchora."

"Ni mi, Bwana. Nipe kalamu nichore mbele yako."

Hakunipa kalamu. Aliwasha sigara. "Madame, ukuta ile ni mita tano kwenda juu. Mwanamuke hawezi panda pale, wageni wa heshima wanapita chini. Tena we ni mukimbizi. Haiwezekane." Kisha akaona sijaondoka. "Kazi atafanya Gaspard. Kama unataka, utamuchanganyia rangi."

Ningeweza kuchukua karatasi yangu nikaenda. Usiku na mchana najiuliza kwa nini sikuichukua. Nilitaka kukuona ukutani, Mama, ndiyo sababu. Nikakubali.

Gaspard si mtu mbaya. Kazi yake ni kupaka malori. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada, mi naweza mbingu na barabara. Sura za watu, apana." Basi saa sita, wote walipokwenda kula, alikuwa anafunga mlango na kukaa nje na mkate wake. "Panda," ananiambia, "mi nitakohoa kama mutu anakuja." Hivyo ndivyo nilivyochora sura zote nne, mchana mmoja baada ya mwingine, nikishuka mbio kila alipokohoa. Mara mbili alikohoa kwa mafua yake tu, nikashuka bure, tukacheka mpaka machozi. Zile ndizo zilikuwa siku zangu nzuri za mwisho.

Siku ya kufungua nilimvika Riziki gauni lake la kanisani. Mlangoni wakaniuliza barua ya mwaliko. Sikuwa nayo. Tukasimama nje ya kamba pamoja na wapita njia, na kila mlango ulipofunguka niliona paji lako la uso, halafu unafungwa. Tukasikia makofi. Riziki akaniuliza, "Wanakupigia we, Mama?" Nikamwambia ndiyo.

Makofi yalikuwa ya Gaspard. Naye kwa moyo wake mweupe alimwambia mgeni mmoja kwamba sura zile ni za mwanamke wa Kongo anayekaa Jabe. Neno likatembea. Siku ya tisa nikaitwa tena.

"Unatembea mu kartiye unasema ukuta ni yako?" Bwana Anatole alisema amesimama.

"Mi sijasema kwa mutu yeyote."

"Wageni wamelalamika. Hawa wanamuke wamechoka, miguu iko na vumbi. Inchi mupya haiwezi kuonyesha ile. Itafutwa."

Nikapiga magoti, Mama. Najua ungekataa. Nilimwambia asitaje jina langu popote, aseme ni kazi ya Gaspard, ila aache sura. Akachukua kofia yake akatoka, akaniacha pale chini.

Gaspard ndiye aliyeamriwa kufuta. Alikuja kwangu baadaye, amesimama mlangoni, hataki kukaa. "Dada, nilianza na miguu. Nilipofika kwa sura mukono ulikataa, wakaleta mwingine." Sasa pale kuna wanaume wawili wenye tai wanapeana mikono. Uso wako ulikaa siku tisa.

Hawakuishia hapo. Watu wa Bwana Anatole walipita duka kwa duka wakisema mkimbizi asiye na ruhusa ya kazi asipewe kibao. Mzee Nasoro aliniita, akanipa chai, akawa anazungumza na kikombe. "Binti yangu, leseni yangu iko mikononi mwao. Wallahi, nimekosa la kufanya." Sikumkasirikia. Nilimaliza chai, nikaosha kikombe, nikaondoka. Kinyozi alijifanya hanijui. Nikaenda kwa masista kuomba niwafundishe wasichana wao kuchora. Wakaniambia kwa upole kwamba wanataka diploma. Kwenye baa moja wakasema wananichukua, lakini si kwa rangi. Kwa kuketi na wateja. Nikatoka.

Siku hizi nauza ndagala Jabe, nimekaa chini kama wengine. Ngazi niliiuza. Akiniuliza mtu mimi ni nani, nasema muuza samaki, na ni kweli. Usiniambie kwa barua kwamba mambo yatabadilika. Nimetafuta pa kulishika hilo neno, sijapaona.

Na kuna jambo moja naona haya kulisema. Jumapili iliyopita nilitoka misa nikamkuta Riziki nyuma ya nyumba ameshika mkaa, amechora kwenye sementi mwanamke anayecheka. Ilikuwa picha nzuri, Mama. Mikono aliiweka sawasawa, na mikono ndiyo migumu. Nikasimama kidogo. Halafu nikaifuta kwa mguu wangu, nikamwambia aende akapepete mchele. Hakulia. Alinitazama tu, kama nilivyomtazama Bwana Anatole alipotoka na kofia yake.

Nisalimie shangazi Zena, umwambie kitenge chake nilikipokea. Msalimie kaka yangu mkubwa na mke wake aliyejifungua, na Padri aliyetubatiza kama bado yuko hai, na mama jirani anayekusomea barua hii. Namwomba radhi kumpa maneno mazito ya kusoma. Dereva wa lori anayekwenda Bukavu ananingoja, anapiga honi.

Zile brashi za marehemu Baba ulizosema umezipaka mafuta ukazifunga ili mtu aje nazo, usinitumie. Wape wa misheni, wapakie chokaa.

Mimi ni yuleyule mwanao, nikikuwaza katikati ya kelele za soko,

Feza