Mikoba ya Niyubahwe

Murubona,
S.L.P. 47,
Kasulu, Kigoma.
9 Novemba 2023

Mpendwa wifi yangu Mwanaamina,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Tanga, wewe na baba Zena na watoto wote. Magoti yako yanaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za nyumba mpya zinakutesa. Usiache kujikanda maji ya moto, hata kama baba Zena anakucheka.

Sisi huku miili haijambo. Shamsi amemaliza mtihani wa darasa la saba, tunasubiri majibu. Mvua zimeanza vizuri na mahindi yameota mpaka nyuma ya choo. Mama anakula, anaswali amekaa, na kila Ijumaa anauliza kama umepiga simu.

Najua umepiga. Umepiga mara tatu mwezi huu, na mara zote nilimwambia Shamsi aseme nipo shambani. Sikuwa shambani, wifi. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye mkeka naitazama simu. Nikisikia sauti yako nitalia, na mtu anayelia hasemi jambo likaeleweka. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Ni habari ya ile mikoba. Uliponitumia zipu na vile vifungo vya shaba kutoka Tanga, uliniambia umewaonyesha majirani zako picha na hawakuamini kwamba kazi ile inashonwa sebuleni Kasulu. Nilifurahi, nikakuacha uamini kwamba ni mikono yangu. Haikuwa mikono yangu. Mimi nilishona bitana ya ndani na mikanda. Mkoba wenyewe, kile kilichoufanya uwe mkoba, kilikuwa kazi ya Niyubahwe.

Sijawahi kukutajia jina hilo na hilo ni kosa langu la kwanza. Niyubahwe ni mwanamke wa Titye, umri wetu, mjane. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, yeye amezaliwa hapa hapa na ana kitambulisho cha taifa kama mimi na wewe. Alikuwa akiniletea maharage. Siku moja alinikuta nahangaika na mkoba uliojikunja pembeni kama sambusa, akaweka kapu chini, akauchukua mkononi, akaugeuza nje ndani. Akasema sakoshi haishonwi kama gauni. Neno hilo, sakoshi, alilipata kwa fundi mmoja Mkongo aliyekuwa akishona kwenye soko la kambi ya wakimbizi, ambaye alimfundisha kazi akiwa bado msichana.

Tangu siku hiyo tukawa wawili. Alinifundisha kwamba ngozi bandia haichomwi pini, maana tundu la pini halifutiki, basi tukawa tunaibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Pembe aliipunguza kwa mkasi kidogo kidogo kabla ya kuigeuza. Mshono aliugonga kwa nyundo iliyofungwa kitambaa mpaka ulale. Chini ya mkoba aliweka kipande cha ndoo ya plastiki alichokikata kwa vipimo, ili ukiuweka mezani usimame wenyewe. Akimaliza anausogeza mbali, anautazama kwa muda, na kama uzi mmoja umekwenda upande anaufumua wote. Mimi nilikuwa nikinung'unika. Yeye alikuwa akicheka tu na kuendelea kufumua.

Kaka yako Hilali aliiweka dukani. Mwanzo alisema imeshonwa nyumbani, na wanawake wakaishika, wakaisifu, wakairudisha mahali pake. Ndipo alipoanza kusema ni mzigo wa Dar. Ikaisha ndani ya wiki. Walimu wa chuo walikuja, wake za maofisa walikuja, kila mtu akitaka pochi ya Dar. Tulicheka jioni ile, wifi, mimi na Hilali. Niyubahwe alipoambiwa hakucheka. Alisema tu kwamba yeye angependa siku moja mtu ajue. Nikamwambia siku hiyo itafika.

Mwezi wa nane mzigo wa Abdulrahmani, yule mwenye duka linalotazamana na letu, ulipotea kwenye basi. Ulikuwa wa mikoba ya kike. Mji mzima ukajua, maana Abdulrahmani ni mtu wa kusema. Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, Niyubahwe akashuka kwenye bodaboda pale sokoni na mikoba minne ameifunga kwenye kitenge. Fundo likalegea na mmoja ukaonekana.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Nilikuwa dukani napima kitambaa nikaona watu wanakuja, na yeye katikati yao, amenyooka, hana wasiwasi. Walimfikisha mlangoni kwetu kwa sababu yeye ndiye aliyewaleta. Aliwaambia wamuulize baba Shamsi, kwamba mikoba ile ameishona yeye kwa ajili ya duka hili. Mtu mmoja akaushika mkoba juu, akasema kitu kama hiki hakitoki Titye.

Duka lilikuwa na wateja. Mke wa mkuu wa chuo alikuwepo, na mkoba wetu begani. Hilali alimtazama yule mama, akawatazama wale watu, akasema, "Mikoba yangu inatoka Dar. Huyu ananiletea maharage."

Wifi, nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Ni ndugu yako, mmenyonya ziwa moja, na sikuandikii ili umchukie. Aliogopa. Aliona jina la duka la marehemu baba yenu linaanguka mbele ya wateja, na akasema neno la kwanza lililomjia. Mimi sina hata udhuru huo. Mimi nilipata muda wa kufikiri. Niyubahwe aligeuka akanitazama, hakuita jina langu, hakuniomba. Alinitazama tu akisubiri. Nikainamisha macho kwenye mkasi, nikakata kitambaa cha yule mteja, mita mbili na nusu, nikakikunja.

Wakaondoka naye kumpeleka kwa mtendaji. Hawakufika salama. Njiani watu waliongezeka, na wengine hawakujua hata ameshtakiwa nini. Mmoja alimpiga kwa rungu, akainua mkono wa kulia kujikinga kichwa. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Haidari, ndiye aliyejitupa katikati akamtoa, na kanzu yake ikachanika. Bila yeye ningekuwa nakuandikia habari ya kaburi.

Siku ya tatu mzigo ukapatikana Kibondo. Ulikuwa umeshushwa kituoni kwa makosa, pamoja na magunia ya mtu mwingine, na haukuwa umefunguliwa. Abdulrahmani alikwenda mwenyewe hospitali kumwomba radhi, na nasikia alilia. Yeye hakumpiga wala hakumtaja, lakini alikwenda. Sisi hatukwenda.

Nilimfuata Mzee Haidari siku ile mzigo ulipopatikana nikamweleza yote, kwamba Niyubahwe alisema kweli tangu mwanzo na sisi tulijua. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akivuta uzi uliochomoza kwenye kanzu yake. Akaniambia, "Mama Shamsi, maneno haya yalikuwa na kazi Jumanne. Leo ni Ijumaa." Akanikaribisha chai. Sikuweza kuinywa.

Hilali alipojua nimesema, hakunigombeza. Alisema nimemvunjia jina, akaondoka. Tangu hapo tunaishi kama wapangaji. Anakula, anashukuru, anakwenda dukani. Ameshusha kila kitu kwenye ile rafu ya mikoba na hakuweka kingine. Siku moja nilimkuta amesimama mbele yake mikono mitupu. Nilitaka kumshika bega nikashindwa.

Nimejaribu kushona peke yangu. Kisa chake ni mwalimu mmoja aliyekuwa ameagiza mkoba kabla ya mambo haya. Vipimo ninavyo, mkasi ninao, vibanio ninavyo, nilimwona Niyubahwe akifanya mara mia. Pembe zikajikunja. Nikafumua, ngozi ikabaki na matundu, nikakata nyingine, ikawa vile vile. Mwalimu alipokuja aliugeuza mkononi, akasema kwa upole kwamba atasubiri mzigo mwingine wa Dar. Cherehani nimeifunika shuka tangu siku hiyo, na Mama ameuliza mara moja tu.

Niyubahwe hakurudi Titye. Alisema hawezi kupita njia ile tena. Kaka yake Fidele, anayelima Gwarama, alikuja kumchukua. Jumamosi iliyopita nilimwambia Hilali kwamba nakwenda. Hakunikataza, na hakuniuliza nitarudi lini. Nikapanda gari la asubuhi, nikabadili Kibondo, na kutoka Kakonko nikachukua bodaboda kwenye matope mpaka nikafika kwa Fidele, nguo zote nyekundu.

Alikuwa uani anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Aliinuka akasema amahoro, salamu ya kwao, akaniletea maji ya kunawa miguu, akaniwekea kigoda. Mke wa Fidele akapika ugali wa muhogo na maharage. Tukala. Aliuliza habari za Shamsi na mtihani, akauliza kama Mama bado anakohoa.

Mkono wake, wifi, nimeuona. Daktari alifanya alichoweza. Kidole gumba na cha pili havikutani. Nilipoutazama hakuuficha. Alisema kijiko anakishika, jembe analishika kidogo, sindano haishiki.

Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima kutoka Kasulu. Nilipofungua mdomo nilisema tu, Niyubahwe, nisamehe, nilikuwepo pale.

Akasema, "Nilikuona. Nilijua unasubiri zamu yako ya kusema. Mpaka wananitoa mlangoni nilikuwa bado nawaambia, ngojeni, mama Shamsi hajasema."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza alikosea njia wapi. Baadaye akanisindikiza mpaka barabarani, akanifungia mahindi ya Shamsi kwenye mfuko kwa kutumia meno na mkono mmoja, akasimama mpaka bodaboda ikaondoka. Hakusema nisirudi. Hakusema nirudi.

Hilali anaweza akakupigia akakueleza kwa namna yake. Msikilize, maana naye ameumia, na hana wa kumwambia. Lakini ujue kwamba hivi nilivyoandika ndivyo ilivyokuwa. Zipu na vifungo vya shaba usitume tena. Wale majirani zako uliowaonyesha picha, nakuomba uwaite uwaambie ile ilikuwa kazi ya Niyubahwe binti Ntahondi, wa Titye. Waambie jina lote. Hapa mjini nimeanza kuwaambia wateja mmoja mmoja, na wengi wananitazama kama mtu aliyeingiwa na homa.

Nisalimie Zena na mdogo wake, na shangazi Mwanahawa ukimwona Pangani. Mwambie baba Zena dawa ya mbegu za maboga aliyoniomba imepatikana, nitaituma na dereva. Mama anakubusu kichwani. Mwenyezi Mungu akulindie nyumba yako, aifanye midomo ya watoto wako iwe myepesi kwenye haki.

Ukinijibu, wifi, usinipe pole. Mwenye kupewa pole yuko Gwarama.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata leo ninapokosa cha kujivunia,

Firdausi