Jumamosi na Lazarus

Jumamosi, 7 Juni 2025
Leo Ngong. Lazarus, mpangaji wangu wa chumba cha juu, yule wa Siaya mwenye teksi, aliyefiwa na mkewe. Alisema badala ya gari kulala, heri anitembeze. Upepo wa kule vilimani nusura unipeperushie kitambaa! Na hakuomba chochote. Mwanamume gani anachoma mafuta bure? Mwanangu Kinyanjui anasema anaimezea mate ploti yetu hii ya kupangisha. Sijui. Nimecheka siku nzima.

Jumamosi, 14 Juni
Limuru kwenye majani chai, kisha pale watu husimama kutazama Bonde la Ufa. Ukungu mtupu! Tulikula mahindi ya kuchoma tukitazama ukungu. Akaniita Wangoi. Si Mama Kinyanjui — Wangoi! Tangu nizike mume wangu hakuna mpangaji aliyethubutu.

Kisha akaharibu. Akatoa simu, akanionyesha nyumba anayojenga kwao. Mabati mekundu, dirisha kubwa. Na pale kando iko nyumba ya marehemu mkewe, bado imara! Ya pili ya nini? "Imebaki mlango tu," akasema. Akaniuliza ningependa upakwe rangi gani. Nikamwambia nyumba ni yako, rangi ni yako. Akarudisha simu mfukoni, akaendesha mbio mpaka Kawangware. Nimemkosea wapi?

Ijumaa, 20 Juni
Nimeelewa. Anahama. Mtu hajengi kwao ili abaki hapa kwangu Gatina. Kumbe safari zote zile ni za kuniaga! Basi aende, mlango uko wazi. Nimemwambia Kinyanjui atundike kibao getini: chumba cha juu kinapatikana.

Nimelia. Kulilia mpangaji, mimi? Sijielewi hata kidogo.

Jumamosi, 21 Juni
Lazarus alitoka alfajiri kupeleka mteja eapoti. Alisema akirudi twende Naivasha. Kinyanjui naye ametundika kibao, akaenda kazini.

Filister wa chumba cha chini alikuja kuchota maji. Ni Mjaluo kama Lazarus, nikamuuliza mbona mtu ana nyumba nzuri na anajenga nyingine. Akaniangalia vile. Akasema kwao mke mpya haingizwi nyumba ya marehemu, lazima ajengewe yake. "Kwani Mama Kinyanjui hukujua? Ploti yote inajua!"

Ngai! Mlango. Rangi. Alikuwa ananiuliza mimi, na mimi nikamjibu kama landlady na mpangaji wake!

Nimekimbilia kibao getini nikiondoe, kimefungwa kwa waya, vidole vimeshindwa. Nimerudi ndani kutafuta plaizi ya kukata waya, siioni, nimekaa naandika kama mwendawazimu.

Honi. Ni yeye.

Niko dirishani, kiatu kimoja mguuni. Ameshuka. Amesimama mbele ya geti, anasoma. Bado anasoma — maneno yenyewe ni machache! Sasa ameinamisha kichwa. Anarudi kwenye gari. Nipige kelele, ploti yote isikie? Kijani, Lazarus! Mlango upakwe kijani —