Wimbo Niliokununulia

Kawangware 46, Nairobi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Habari ya Kitui? Mvua imenyesha ama bado mnaangalia juu? Miguu yako je? Sisi hapa tuko sawa. Wajukuu wako wanakula vizuri, na cherehani yangu haipumziki. Shule zimefunguliwa na kila mzazi anataka sare leo leo.

Najua utauliza mbona naandika barua na simu ipo. Mama, wewe simu ukishika unaiweka sauti ya juu, boma lote linasikia. Na haya ni ya kile kivimbe cha kwenye titi ulichonionyesha Krismasi, ukanikataza kumwambia mtu. Nimejaribu kunyamaza nikashindwa, ukweli ni huo.

Jumapili kwaya yetu ilienda Kibera, pale Soweto East, kuimba kwa harambee ya saratani. Pesa zingine ni za kupima akina mama bure, zingine ni za watafiti wanaotaka kujua kwa nini ugonjwa huu kwetu unajulikana ukiwa umeshachelewa. Watu walikuja kwa miguu hata kutoka kile kijiji kinachoitwa Raila. Mpango ulikuwa hivi: mtu ananunua wimbo. Anatoa alicho nacho, anataja mtu wake, nasi tunaimba ubeti tukiliita jina hilo. Akina mama Waluo walileta ngoma, sisi Wakamba tukaleta filimbi, na vumbi likapanda. Nilisikia raha hata mimi nikatoa changu, nikalitaja jina lako.

Nikaona nyuso zimebadilika. Akinyi, yule jirani ninayeshona naye, akanishika bega. "Pole sana, Mutheu. Mbona hukutuambia? Si tungekuja matanga."

"Matanga ya nani? Mama yuko Kitui na mbuzi wake."

Kumbe wote waliotajwa walikuwa marehemu, na mimi kwa kucheza sikuliona hilo. Nilicheka, Akinyi akacheka, lakini nesi aliyekuwa akipima watu kwenye hema hakucheka. Akaniuliza kama unaumwa. Nikamwambia una kivimbe, na hujapimwa.

"Basi mlete," akasema. "Vivimbe vingi huwa si saratani. Na hata ikiwa ndiyo, tukiipata mapema kuna matibabu."

Nikaingia hemani nikapimwa mimi kwanza. Haiumi, Mama. Niko sawa.

Najua unaogopa. Mimi pia naogopa, juzi nililia juu ya sare ya mtoto wa watu. Barua hii anakuletea binamu yangu Musyoka, yule mwashi, na anarudi huku Jumatano. Mwambie Baba unakuja kunisaidia na watoto. Si uongo, utanisaidia kweli.

Nisalimie Baba, na shangazi wa dukani, na dada yangu mdogo anayekuchotea maji.

Jumapili ile majina yalikuwa mengi, Mama. Kati ya wote walionunua wimbo, ni mimi peke yangu niliye na mtu wa kumwandikia barua. Panda gari na Musyoka.

Binti yako anayekungoja,
Mutheu