Dirisha Jeupe la Lingeka

Jumanne, Bariadi

Nilichagua vibaya, na hakuna mwingine wa kumlaumu.

Mwaka jana, nilipokuwa natafuta zana ya kuundia madirisha na vitufe vya programu yangu ya chanjo za mifugo, kulikuwa na moja nyepesi yenye sura ya kizamani. Niliiacha. Nikachukua ile nzito, inayobeba kivinjari kizima ndani yake, kwa sababu inapendeza, na ningeandika mara moja tu ikakubali kompyuta za kila aina.

Kila aina, isipokuwa ile kuukuu ya ofisi ya kata ya Lingeka.

Leo nimeifungua programu hapo mbele ya Mayu Ng'wasi, yaani Mama Ng'wasi, afisa mifugo wa kata. Likaja dirisha jeupe kwenye skrini, likaganda. Nje ng'ombe walikuwa wamepanga foleni, wafugaji wanachungulia mlangoni. Mwishowe akafungua daftari lake.

"Mwanangu, siwezi kumwambia mtu ashikilie dume mpaka kompyuta iamke."

Alisema kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Kurudi kwenye ile nyepesi ni kuandika kila dirisha upya. Miezi tisa ya kazi imekwenda, na mimi nguvu sina. Yeye anastaafu Juni, na katika maafisa wote niliowafuata, ndiye pekee aliyekubali kuijaribu.

Wakati naondoka akaniuliza programu nyingine itakuwa tayari lini.

"Kabla hujastaafu, mayu."

Aliniangalia kidogo. Alijua sitawahi. Kisha akanishika mkono, akasema, "Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma kana kwamba nimeshamletea.