Mama Yuko Kivulini

Borovka, 3 Machi

Ruska mwanangu,
Hujambo huko Saragosa? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua na theluji haitaki kutoka. Nusu mwaka tangu tumzike baba yako unakaribia. Mchonga mawe anataka picha ya kuweka kwenye jiwe la kaburi: baba yako na mimi pamoja, kama walivyowekwa babu na bibi yako. Tarehe yangu ya kufa ataiacha wazi. Nataka ile uliyotupiga uani kabla hujaondoka. Itengeneze, uilete.
Mama yako

Saragosa, 19 Machi

Mamangu,
Pole na goti. Mimi mzima, kazi tele. Picha ninayo, bado mbichi, vile vile kamera ilivyoiona. (Usicheke, ndivyo sisi wapiga picha tunavyoiita.) Taabu ni jua. Baba kasimama juani na shati jeupe, wewe uko mlangoni mwa jiko, giza tupu. Nikishusha mwanga ili uso wake upone, wewe unazama. Bega lake limeshaungua, na kilichoungua kwa mwanga hakirudi, mama. Kilicho gizani ndicho hurudi, ukikipandisha polepole. Nimeshughulikia uso wake jioni nzima, mpaka lile kovu la kidevuni likaonekana. Nikalia kama mtoto.
Ruska wako

Borovka, 2 Aprili

Ruska,
Mimi mzima, nashukuru. Picha imefika kwenye simu ya jirani. Loo, baba yako, Zaprian wangu! Nimembusu mpaka kioo kikaingia ukungu. Jirani akaniambia, "Nedyalka, nirudishie simu yangu jamani!" Lakini mimi niko wapi? Mchonga mawe kauliza hilo doa jeusi mlangoni ni nini. Wewe mwenyewe umesema kilicho gizani hurudi. Mbona hukunirudisha? Unanionea aibu?
Mama yako

Saragosa, 30 Mei

Mama,
Nisamehe kwa kimya. Mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Si aibu. Nilikupandisha siku ile ile ukatoka kamili: aproni, unga mpaka viwikoni, unacheka hata jino la pembeni linaonekana. Sasa nikupeleke jiweni hivyo, nawe u hai? Mkono ulikataa. Nikakuzamisha tena. Baba nilimkosa, nilifika amekwisha zikwa. Nikikuweka na wewe pale, nitarudi kwa nani?
Ruska

Borovka, 11 Juni

Ruska wa mama,
Goti limepoa, nachuma cheri. Mjinga wewe, mwanangu. Unakumbuka siku ile? Baba yako aliniita, "Mwanamke, toka nje upigwe picha!" Nikamjibu, "Ngoja kwanza, mkate utaungua." Basi na huko aliko angoje. Nimemwambia mchonga mawe amchonge Zaprian peke yake, upande wa pili auache mtupu. Kanung'unika eti jiwe litaonekana limeegemea upande mmoja. Liegemee.

Ile ninayocheka nitumie mimi, niitundike jikoni. Ya jiweni utakuja kunipiga mwenyewe, nami nitasimama juani. Ila usiningojeshe kama nilivyomngojesha yeye, Ruska. Yeye ana muda, mimi sina.
Mama